Kiatu Chenye Manyoya Pande Mbili

Juzi wenzangu wa chama walileta makaratasi ya safari ya meli. Sisi ni wanawake wa ofisi na wa maduka pale Makutano, tuliofika umri wa kuulizana maisha tutayala lini, na mwenyekiti wetu ameamua kwamba mwaka huu hatununuliani masufuria wala mablanketi. Tutashuka Mombasa, tupande meli kubwa ya watalii, tuzungushwe visiwani, tulishwe, tuimbiwe, tulale tukibembelezwa na mawimbi. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Zilikuwa zile nzito, zinazong'aa, na nilipofungua yangu harufu ikanifika kabla sijasoma neno lolote. Harufu ya wino na gundi, tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi ya watoto. Nikairudisha mezani. Mwenyekiti akaniuliza kwani mimi sitaki raha, nikasema maji mengi hunichefua. Wakacheka, na mmoja akasema Mmeru akiona maji yaliyozidi ya mfereji hutafuta mgomba wa kushikilia. Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba safari hizo nimezisafiri kuliko wote waliokuwa mezani, nikiwa nimeketi kwenye kigoda jikoni kwa nyanya yangu kule Mitunguu.

Mama yangu alinizaa akiwa bado kwao. Nyinyi wa rika langu mnajua maana yake. Siku hizi msichana akizaa bila bwana, marafiki wanashona sare na kukata keki. Wakati ule kanisani alihamishiwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na akina mama walimsalimia kwa ncha za vidole kana kwamba mkono wake una masizi. Hata shambani, kwenye migomba ya mama yake mwenyewe, mtu akipita barabarani alimwuliza, "Na wewe bado uko hapa?" Nilipoanza shule akaenda Mombasa kufanya kazi ya kutandika vitanda hotelini. Kutoka hotelini akapata kazi melini. Mimi nikaachwa na Nyanya, ambaye tulimwita Cucu kama watoto wote walivyomwita.

Mama hakuwa mtu wa kuandika barua. Alichotuma ni ratiba za safari za meli yake, zile wageni wanapewa, ndani ya bahasha iliyopitia sanduku la posta la shule. Nyuma ya karatasi aliandika neno moja mawili: soma kwa bidii, msikize Cucu, nguo zinakuja. Mbele kulikuwa na picha ya meli nyeupe, na ndani ramani ya bahari yenye mstari uliopita kisiwa hadi kisiwa. Mwalimu wetu wa darasa alinitafsiria ya kwanza. Zilizofuata nikazisoma mwenyewe, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale, na kwa hivyo Kiingereza changu kilianzia baharini. Kabla sijajua kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa lugha hiyo, nilijua kusema kinywaji cha kukaribishwa.

Meli yenyewe ilikuwa ya zamani na ilijisifia uzee wake. Njoo usafiri jinsi watu walivyosafiri zamani, karatasi ilisema. Kulikuwa na viti virefu vya mbao vya kulalia, na blanketi la kufunika magoti. Katikati ya asubuhi mtu alikuletea supu kwenye kikombe, ukanywa ukitazama maji. Kengele iligongwa ya chakula. Alasiri bendi ilipiga muziki wa taratibu wageni wakila vijikeki, na jioni nahodha alisimama mlangoni kumshika kila mtu mkono. Kilichonishangaza zaidi ni siku zilizoandikwa "baharini" tu. Siku nzima hamfiki popote, hamlimi, hamchoti maji, na hiyo ndiyo waliyoilipia. Nilimsomea Cucu akimenya ndizi, naye akauliza kama hao watu ni wagonjwa.

Nilizipenda karatasi hizo kupita kiasi. Nilikunywa uji katikati ya asubuhi nikiwa nimefunika magoti kwa kanga. Nilijua leo mama yuko bandari gani na kesho ataamkia kisiwa gani, na wenzangu shuleni waliponitania kwamba sina baba, niliwajibu kwamba mama yangu leo yuko baharini. Nilidhani naye analala kwenye kile kiti, anafunikwa magoti, anashikwa mkono na nahodha. Hakuna mtu aliyeniambia vinginevyo.

Kilichoharibu raha hiyo ni hadithi, na hadithi yenyewe ni ya kwetu sote. Mmeru yeyote wa umri wangu ameisikia. Zamani tulikaa Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na bahari, tukiwa watumwa wa watu wa nguo nyekundu. Watu hao walipotaka kutumaliza walitupa kazi zisizowezekana. Tuwaletee mbwa mwenye pembe. Tuwatengenezee mkuki wa kufika mawinguni. Tuwashonee kiatu chenye manyoya pande zote mbili, juu na chini. Mzee mmoja aliyefichwa ndiye aliyewanong'onezea wetu majibu, na la kiatu lilikuwa hili: chukueni ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali, kwa maana imekunjwa na Mungu mwenyewe na ina manyoya huku na huku. Mwishowe tukatoroka, maji yakapasuka, tukavuka hadi tukafika mlimani. Cucu aliisimulia alasiri, akichambua maharagwe, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi alivyohama kutoka shamba moja kwenda lingine.

Basi siku moja bahasha ikaja na picha ya mama ndani. Amesimama kati ya wazungu wawili wazee, mume na mke, kando ya bwawa la kuogelea. Wazee wale walikuwa wamevaa majoho mekundu ya taulo. Ngozi zao zilikuwa nyekundu kwa jua. Nyuma yao, kwenye viti, walilala wengine wa majoho hayo hayo, safu nzima. Na mama, aliyeondoka nyumbani na sketi ya kahawia, alikuwa amevalishwa kizibao chekundu, ameshika sinia, anatabasamu kwa meno yote. Niliitazama sana. Kisha nikamwuliza Cucu Mbwaa iko upande gani.

"Kule jua linatokea," akasema. "Kwa maji."

"Na mama yuko upande gani?"

Cucu aliichukua picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Binti yake wa pekee alikuwa hajaja nyumbani Krismasi mbili, na kanisani walikuwa wameanza kusema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, wakihakikisha anasikia. Akanirudishia picha. "Mama yako amerudi kule tulitoka," akasema. "Tulivuka na miguu, yeye akarudi na meli."

Alisema kwa uchungu wake mwenyewe, na mimi nililichukua neno zima zima. Mama amekamatwa. Watu wa nguo nyekundu wako hai, wanakunywa supu, na mama ni mtumwa wao. Ndiyo maana haji. Ndiyo maana anaandika neno moja mawili, wanamchungulia begani. Sitadanganya kwamba nilihuzunika tu. Pamoja na hofu nilipata faraja kubwa ajabu, kwa sababu hadi siku hiyo nilikuwa nikijiuliza usiku na mchana nilimkosea nini.

Mbwa mwenye pembe sikuwa na namna, na mkuki wa mawinguni ulinishinda hata kuuwaza. Kiatu niliona nakiweza. Nikaenda sokoni kwa Mutuma, mwenye bucha, ambaye Cucu alimpelekea ndizi. Nikamwambia nataka ngozi ya chini ya shingo.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kiatu."

"Kiatu ya nani?"

"Ya mama."

Mutuma akaweka kisu chini. Alinitazama kama anayetaka kucheka lakini hana hakika kama inafaa. "Ng'ombe ya maziwa haina kitu hapo," akasema. "Ngoja tuchinje ndume. Nitakuwekea." Na kweli akaniwekea, imefungwa kwenye gazeti, ingali na joto.

Niliipaka chumvi na majivu nikaianika juu ya paa la kibanda cha mbuzi. Joto la Mitunguu mnalijua, halina huruma na nyama. Ilinuka hadi jirani akauliza kama tumefiwa na mbwa. Ilipokauka nikaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi, nikaufuata mguu wangu mwenyewe na kuongeza kidogo, kisha nikatoboa kwa sindano ya magunia na kupitisha kamba za mgomba. Kilitoka kimoja tu, kimepinda upande, kigumu, lakini manyoya yalikuwepo juu na yalikuwepo chini. Nilikificha nyuma ya magunia.

Cucu alikipata akitafuta jembe. Aliniita nikatoka, nikijua nitachapwa kwa ajili ya kile kisu. Alikuwa amekaa mlangoni, kiatu kiko mapajani, anakigeuza.

"Hii ni ya nani?"

"Ya wale watu wa mama. Ili wamwachilie."

Nilisubiri acheke. Badala yake aliinuka, akaingia ndani, akarudi na chupa yake ya mafuta ya mbarika, yale aliyojipaka magoti wakati wa baridi. Akaanza kuisugua ile ngozi kwa kidole gumba, pole pole, kutoka kisigino kwenda mbele, hadi ikaanza kulegea. Nimeshawahi kumlaumu Cucu kwa mengi, kwa ulimi wake na kwa ile fimbo, lakini kwa siku ile ninamshukuru, na pia ninamkasirikia. Angenicheka, ningelia, mambo yangeishia hapo.

Mama akaja mwaka huo. Alishuka na begi lenye magurudumu, amenona usoni, kucha zimepakwa rangi, ananukia sabuni ambayo sikuwahi kuinusa. Alileta vijisabuni vidogo vilivyofungwa karatasi, na chokoleti iliyoyeyuka njiani ikawa bapa. Aliponikumbatia nilishtuka kuona kwamba nimesahau urefu wake. Siku ya pili akina mama wa kanisa wakaja kumwona, wale wale wa ncha za vidole, safari hii wakamshika kwa mikono miwili. Wakaketi kwenye nyasi na vikombe vya chai, wakamwambia awape habari za huko.

Hapo nikamsikia mama yangu akiongea kama sijawahi kumsikia. Aliwaeleza jinsi meli inavyoondoka bandarini bila kelele, mpaka unadhani mji ndio unaondoka. Aliwaeleza kuhusu pomboo wanaoruka pembeni asubuhi, kuhusu bahari iliyolala hata mtu akitema mate anasikia aibu, kuhusu mji fulani wenye nyumba nyeupe hadi majini ambao ukiufikia alfajiri unanusa mkate kabla ya kuuona. Akina mama walisahau chai. Mmoja akauliza kama mtu hupata hofu. "Hofu ya nini?" mama akasema. "Hofu mimi niliacha huku." Wakacheka, wakitazamana.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namchunguza mikono. Chini ya zile kucha nzuri, viganja vilikuwa vimepasuka, na kati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe na inachubuka. Magoti yalikuwa na sugu. Alfajiri, kabla ya jogoo, alishtuka kitandani na kukaa wima akitafuta viatu, kisha akakumbuka alipo. Huo ndio ushahidi niliouhitaji. Wanamtesa, na wamemkataza kusema.

Nilingoja hadi siku yake ya mwisho. Alikuwa mferejini anafua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi. Nikamletea kiatu kimefungwa kwenye lile gazeti la bucha. Akafungua. Akarudisha uso nyuma kwa harufu.

"Ni nini hii?"

"Ni ya wale watu wekundu. Nimetengeneza. Uwape, halafu urudi."

Alicheka. Alicheka kwa moyo wote, akajifuta macho kwa mkono wenye povu, na mimi nilisimama pale nikingoja amalize. Kisha akaniona uso. Akakaa kwenye jiwe, akanivuta karibu.

"Nani alikuambia nimeshikwa?"

"Cucu alisema umerudi kule tulitoka."

"Cucu wako." Akapumua. "Sikiza. Hakuna mtu alinishika. Hii kazi niliomba mwenyewe. Walinikataa nikaomba tena, nikaomba mpaka wakachoka na mimi."

"Na mikono?"

"Mikono ni dawa ya kuosha vyoo. Itapona." Aliitazama, akaigeuza, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Unajua, asubuhi wageni wakiwa wamelala, mimi napanda juu na ndoo yangu. Hakuna mtu. Hakuna mlima, hakuna shamba ya mtu, hakuna mtu ananiuliza mimi ni bibi ya nani. Ni maji tu, mpaka mwisho. Natulia hapo kidogo kabla nianze kuosha. Hapo ndio mimi hupumua."

Niliona anasema kweli. Mtoto huijua kweli hata asipoielewa. Uso wake ulikuwa umefunguka, mzuri, na haukuwa unanitazama mimi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe uko na Cucu," akasema, na akaokota shati langu akaendelea kulisuuza.

Kiatu alikisifu. Alisema nimeshona vizuri, kwamba mikono hiyo nimeitoa kwake. Halafu akakiweka juu ya jiwe mbali na nguo safi, na jioni paka wa jirani alikuwa amekibeba. Asubuhi iliyofuata akina mama wawili walimsindikiza hadi barabarani. Wakamsihi akae hata wiki, mbona haraka hivyo. "Mwenda kwao si mtumwa," mama akawajibu akipandisha begi lake, wakacheka, ni utani wa kawaida wa mtu anayeaga. Cucu alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja gari liondoke, kisha akaingia ndani akafunga mlango, jambo ambalo mchana hakuna mtu wa kwetu hulifanya isipokuwa amefiwa.

Nilimchukia mama kuanzia hapo. Bahasha zilipokuja sikuzifungua; nilizipokea kwa mwalimu, nikazitia kwenye moto wa shule, wa kupikia githeri. Naye alirudi tena, kila mara kwa muda mfupi zaidi, hadi akaacha. Tulisikia kwamba anaishi na mpishi wa meli katika mojawapo ya zile bandari nilizozijua kwa jina, nchi ya watu, na kwamba ana mtoto mwingine. Cucu alipozikwa hakuwepo. Alitupigia simu akalia, na sauti ya nyuma yake ilikuwa ya ndege wa baharini.

Msinieleze kuhusu mwanamke kutafuta uhuru. Ninayajua hayo yote. Nimekaa Meru hii bila bwana, nimeulizwa mimi ni bibi ya nani na watu niliowasomeshea watoto, na kuna asubuhi nimetamani mahali pasipo na mlima. Wanaume wangapi wa vijiji vyetu walikwenda wasirudi, na watoto wao wakawataja kwa majivuno? Najua hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepona. Tatizo ni kwamba nilimwona akifurahi, na furaha yake ilikuwa kamili, haikukosa kitu, na mimi sikuwemo.

Ningemsamehe angekuwa mtumwa. Hilo ni jambo baya kwa mtu kumtakia mama yake, na mimi nalitaka hadi leo. Nilitaka minyororo, nilitaka watu wa nguo nyekundu wamemzunguka na mikuki, nilitaka awe amelia kila alfajiri akitazama upande wa mlima. Watu wakiniuliza mama yangu alienda wapi, huwa nawaambia kwamba alichukuliwa nikiwa mdogo. Hawaulizi na nani. Wananipa pole, nami naipokea.